Springi na spesa: jinsi ya kuinua gari la 4x4 likae sawa

Gari limefungwa bampa ya chuma na winchi, pua imeshuka. Mwenye gari ananunua spesa za mbele (vipande vinavyowekwa kwenye springi ili kuinua bodi), fundi anazifunga, gari linasimama sawa na kila mtu anaridhika. Siku ya safari yanapakiwa maji, mafuta ya akiba na vifaa vya kambi nyuma; mkia unakaa chini, pua inatazama juu, taa zinamulika matawi na usukani unakuwa mwepesi mno. Spesa haina kosa, wala fundi. Kilichokosekana ni swali moja ambalo lilipaswa kutangulia ununuzi: gari hili linatakiwa kukaa sawa likiwa na mzigo gani?

Magari mengi ya 4x4 na pikapu hutoka kiwandani mkia ukiwa juu kidogo kuliko pua, mara nyingi kwa milimita 25 hadi 50. Watu huona kama kasoro ya umbo, lakini hiyo ni nafasi iliyoachwa kwa ajili ya mzigo. Ukiinua pua hadi ilingane na mkia wakati gari ni tupu, umekula nafasi hiyo yote. Kama gari halibebi chochote zaidi ya watu wawili, hakuna neno. Kama linabeba, basi kazi huanzia nyuma, na ya mbele inafuata.

Pima kabla ya kununua

Kimo cha gari hakipimwi kutoka ardhini. Upepo wa tairi, uchakavu wake na saizi yake vyote vinaingia kwenye kipimo na kukudanganya. Pima kutoka katikati ya gurudumu, wima hadi ukingo wa chini wa fenda, kwenye kona zote nne. Gari liwe kwenye sakafu iliyo sawa, tangi limejaa, na mzigo ule wa kila siku ukiwa ndani. Usipime gari likiwa limetoka tu kwenye jeki: magurudumu huwa yamebana kwa ndani na bodi inabaki juu ya kimo chake halisi. Lisogeze mita chache mbele na nyuma, bonyeza bampa mara kadhaa, ndipo upime.

Andika seti mbili za namba: gari tupu, na gari likiwa na mzigo wa safari. Tofauti kati ya seti hizo mbili ina maana kubwa kuliko seti yoyote peke yake, kwa sababu inakuonyesha springi zilizopo zinashuka kiasi gani. Kama mkia unashuka milimita 70 kwa mzigo wa kawaida, spesa haitakuponya. Utainua gari tupu, na likipakiwa litashuka vilevile milimita 70.

Kabla ya kuendelea, angalia kama springi zenyewe bado zina uhai. Springi iliyochoka hukaa chini ya kimo cha kiwandani hata bila mzigo, na raba za kikomo (zile zinazozuia ekseli isigonge chesisi) huwa na alama mpya za kugongwa. Kuweka spesa juu ya springi ya namna hiyo kunaficha tatizo kwa muda, na chuma kinaendelea kulegea.

Uzito unaoning'inia mbele ya magurudumu

Mtu hupima bampa na winchi, akapata kilo 90, kisha akatafuta springi za mbele za kilo 90. Hesabu hiyo ina upungufu, kwa sababu vitu hivyo viko mbele ya ekseli, na ekseli ya mbele inageuka kuwa egemeo la wenzo. Chukua gari lenye umbali wa milimita 2,850 kati ya ekseli mbili, na bampa pamoja na winchi vikiwa milimita 900 mbele ya ekseli ya mbele. Ekseli ya mbele inaongezewa 90 × 3,750 ÷ 2,850, yaani kilo 118 hivi. Zile 28 za ziada zimetolewa nyuma, kwa hiyo mkia unainuka wakati pua inashuka. Ndiyo maana gari lililofungwa bampa nzito huonekana limeinama kuliko ulivyotarajia.

Nyuma ni hivyohivyo. Trela inayokandamiza kilo 100 kwenye mpira wa kuvutia, ulio milimita 1,200 nyuma ya ekseli, inaweka kilo 142 kwenye ekseli ya nyuma na kupunguza 42 mbele. Tairi la akiba kwenye mlango wa nyuma na matangi ya maji nyuma kabisa ya bodi yanafuata kanuni hiyo. Ukiweza kusogeza maji yakakaa nyuma ya viti vya mbele, huenda usihitaji springi ngumu kabisa, na hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote.

Springi ina namba mbili, usizichanganye

Namba ya kwanza ni urefu wa springi ikiwa huru. Ya pili ni ugumu wake: nguvu kiasi gani inahitajika kuibana milimita moja. Urefu ndio hupanga gari litasimama wapi. Ugumu nao unachangia kimo hicho, lakini kazi yake hasa ni kuamua gari litashuka kiasi gani mzigo ukiongezeka.

Tufanye hesabu ya nyuma, kwenye ekseli nzima (boriti moja inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia) yenye springi za koili zilizokaa moja kwa moja juu ya ekseli. Kila springi inabeba kilo 450 gari likiwa tupu, sawa na niutoni 4,415 hivi, na ugumu wake ni niutoni 25 kwa milimita. Springi imebanwa milimita 177. Ukipakia kilo 200 juu ya ekseli, kila upande unapata 100, na mkia unashuka milimita 39.

Una njia mbili za kurudisha kimo hicho. Ya kwanza ni springi yenye ugumu uleule lakini ndefu zaidi kwa milimita 40: gari tupu linapanda 40, na likipakiwa linakaa milimita 1 juu ya kimo cha zamani cha gari tupu. Ya pili ni springi yenye urefu uleule lakini ugumu wa 30: gari tupu linapanda 29, likipakiwa linakaa 3 chini ya kimo kile cha zamani. Mwisho wake zinakaribiana, ila ya pili inacheza milimita 33 kati ya tupu na mzigo, wakati ya kwanza inacheza 39. Anayebeba mzigo huo kila siku atafaidika na springi ngumu. Anayepakia mara mbili kwa mwaka atateseka nayo siku nyingine zote, kwa sababu springi ngumu kwenye gari tupu hurusha mkia kwenye kila mtaro.

Kwa sababu hiyo watengenezaji hugawa springi zao kwa mzigo wa kudumu: bila bampa, na bampa, na bampa pamoja na winchi, nyuma tupu, kilo 200, kilo 400 na kuendelea. Neno la kuzingatia hapo ni "kudumu". Mzigo unaohesabiwa ni ule usioshuka kwenye gari: droo, tangi kubwa, tairi la akiba, raki. Watu wengi hununua springi ya mzigo wa siku nzito kuliko zote. Ukiwa katikati ya madaraja mawili, chukua la chini na umalizie kwa mifuko ya hewa ndani ya springi au kwa spesa nyembamba. Springi laini kupita kiasi inaweza kusaidiwa, lakini ile ngumu kupita kiasi dawa yake ni kuibadilisha.

Zipo pia springi ambazo ugumu wake unapanda kadiri zinavyobanwa. Utazitambua kwa mizunguko iliyokaribiana upande mmoja; hiyo hugusana kwanza, mizunguko inayofanya kazi inapungua, na chuma kilichobaki kinakuwa kigumu. Zinamfaa mtu ambaye mzigo wake hubadilikabadilika.

Ukilinganisha springi mbili kwa macho, tazama unene wa waya kabla ya kitu kingine. Ugumu hupanda kwa kipeo cha nne cha unene huo: kutoka milimita 15 hadi 16, huku mambo mengine yakibaki yalivyo, springi inakuwa ngumu zaidi kwa karibu asilimia 29. Milimita moja tu, na huioni bila kalipa (kifaa cha kupimia unene).

Spesa inafanya nini hasa

Imani iliyoenea ni kwamba spesa "inakaza" springi na kuifanya ngumu. Haifanyi hivyo. Gari likisimama, springi inabeba uzito uleule, kwa hiyo imebanwa kiasi kilekile. Bodi tu imesogezwa juu kwa unene wa spesa. Ugumu haujabadilika hata kidogo. Kwa kimo, spesa ya milimita 20 ni sawa na springi ndefu zaidi kwa milimita 20.

Gari linalodunda baada ya kufungwa spesa linadunda kwa sababu nyingine: shokapu imekosa nafasi ya kurefuka. Kama gurudumu lilikuwa na milimita 100 za kushuka kutoka kimo cha kawaida hadi mwisho wa shokapu, na umeinua bodi 50 bila kubadilisha shokapu, zimebaki 50. Kila shimo linapopita, shokapu inafika mwisho na kugonga kama nyundo. Watu hulaumu springi, wakati springi haijafanya lolote.

Kwenye ekseli nzima, spesa ya pete inakaa kati ya springi na kikalio chake, na milimita 20 zake zinatoa takriban milimita 20 za kimo. Hatari yake iko upande wa kubanwa. Nafasi kati ya vikalio viwili ekseli inapofika mwisho wa juu haijabadilika, ila sasa sehemu yake imechukuliwa na spesa. Springi ya waya wa milimita 16 yenye mizunguko 8, ikibanwa hadi igusane yote, ina kimo cha 128. Kama nafasi iliyopo raba ya kikomo ikiwa imebanwa kabisa ni 160, una ziada ya 32. Spesa ya 20 inaacha 12, salama. Ya 30 inaacha 2 tu, na ukizidisha hapo springi itagusana chuma kwa chuma kabla raba haijamaliza kazi yake. Vikalio hupasuka na springi hukatika. Dawa ni kushusha raba ya kikomo kwa kiasi kilekile cha spesa. Jambo hili husahaulika kuliko jingine lolote kwenye kazi hii.

Kwenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea, springi na shokapu zikiwa kitu kimoja kilichoegemea amu ya chini (mkono unaoshikilia gurudumu), hesabu inabadilika. Shokapu imeshika katikati ya amu, siyo kwenye gurudumu, kwa hiyo gurudumu linasafiri zaidi ya springi. Uwiano wa 0.6 ni wa kawaida: spesa ya milimita 18 inainua gari milimita 30. Anayenunua spesa ya 50 akitaka kuinuka 50 atashtuka kuona gari limepanda zaidi ya 80, na draivshafti (fimbo zinazozungusha magurudumu) zimelala pembe mbaya. Uwiano huohuo unapunguza ugumu unaofika kwenye gurudumu, tena kwa kipeo cha pili: springi ya niutoni 100 kwa milimita inakuwa 36 tu pale gurudumuni. Zile kilo 118 za bampa na winchi, 59 kila upande, zitashusha pua milimita 16, na springi ndefu zaidi kwa milimita 10 inatosha kuzirudisha.

Hapa spesa ziko za aina mbili na tabia zake ni tofauti. Ya ndani hukaa juu ya springi, ndani ya mkusanyiko wa shokapu. Urefu wa shokapu haubadiliki, kwa hiyo gurudumu haliendi chini zaidi ya zamani. Unapoteza nafasi ya kushuka, na viungo vinabaki ndani ya pembe zake. Kuifunga kunahitaji kubana springi kwa kibanio, kazi ambayo springi ikiponyoka inaweza kuua. Asiye na kibanio kizuri aipeleke kwa mwenye nacho. Ya nje hufungwa juu ya mkusanyiko wote, kati yake na bodi. Ni rahisi kufunga na ndiyo inayouzwa sana, lakini inasukuma shokapu nzima chini. Gurudumu likining'inia, amu ya juu inaweza kugonga sehemu inayoshikilia springi, boljointi (kiungo cha mwisho wa amu) inapita pembe yake na sivijointi (kiungo cha draivshafti) inakunjwa kupita kiasi. Na likipanda, shokapu inafika mwisho wake wa ndani kabla raba ya kikomo haijaguswa, ndipo unapopata shokapu zinazovuja bila sababu ya wazi. Spesa ya nje nyembamba inavumilika. Nene, kwa maoni yetu, ni akiba ya uongo.

Kwa vyovyote vile, usipange spesa mbili moja juu ya nyingine. Zinateleza.

Springi za majani

Springi za vipande bapa hazina kikalio cha kuwekea pete. Njia bora ni seti iliyokunjwa upya au mpya yenye tao kubwa zaidi. Kuongeza jani moja kunainua na kukaza kwa pamoja, kwa hiyo kunamfaa mwenye mzigo. Kurefusha kile kiungo kinachobembea kwenye ncha ya springi kunatoa nusu tu ya urefu ulioongezwa: milimita 50 za kiungo ni 25 za kimo, na ekseli inazungushwa kidogo, jambo linalobadilisha pembe ya difu nyuma na kasta mbele (mwinamo wa mhimili wa kupigia kona, ukitazama gari kwa upande).

Bloku kati ya ekseli na springi zinakubalika nyuma, moja kila upande. Kwenye ekseli ya mbele inayopiga kona usiziweke kabisa: breki zinapokamata, nguvu inataka kuzungusha ekseli, na bloku inaipa wenzo wa kufanya hivyo. Yubolti (bolti zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) ziwe mpya, zenye urefu unaofaa. Zile za zamani zimekwisha kuvutika, na zikikazwa tena hazishiki kama mwanzo.

Gari likiinama upande mmoja

Tofauti ya chini ya milimita 10 kati ya kushoto na kulia tunaiacha ilivyo. Dereva, tangi la mafuta na betri havijakaa katikati, na hakuna anayeiona isipokuwa mwenye futi mkononi.

Ikizidi hapo, usikimbilie kuweka spesa kwenye kona iliyo chini. Bodi ni ngumu, na springi ya nyuma iliyolegea kushoto inaweza kushusha kona ya mbele kushoto. Fanya jaribio hili: weka jeki katikati kabisa ya mbele, chini ya boriti ya chesisi, na uinue hadi springi za mbele ziachie uzito, magurudumu ya nyuma yakiwa yamezuiwa yasisogee. Sasa mbele imeegemea nukta moja na haiwezi kuzuia bodi kulala upande wowote. Pima nyuma, bila kuingia chini ya gari. Kama bado inaegemea kushoto, tatizo liko nyuma. Kama imenyooka, liko mbele. Rudia kwa kuinua nyuma ili uhakikishe.

Kabla ya kununua chochote, soma lebo za springi. Seti nyingi zina springi ya kushoto na ya kulia zenye urefu tofauti, na fundi aliyezibadilishana anaweza kuwa ndiye chanzo chote cha kuinama. Ukihitaji spesa ya upande mmoja, milimita 5 hadi 10 kwa kawaida zinatosha. Zaidi ya hapo unaanza kuhamishia uzito kwenye kona ya mshazari, na gari litavuta upande mmoja likipigwa breki.

Vitu vinavyofuata kimo

Kwenye ekseli nzima inayoshikwa na amu ndefu, kuinua milimita 50 kunapunguza kasta kwa digrii 2 hadi 3, kutegemea urefu wa amu. Dalili yake ni usukani usiorudi wenyewe na gari linalotangatanga barabarani. Hurekebishwa kwa bushi zenye tundu lililohamishwa au kwa amu mpya. Rodi ya Panhard (ile inayolala kukingama kati ya chesisi na ekseli) nayo husogeza ekseli kando: rodi ya milimita 900 yenye tofauti ya kimo ya 60 kati ya ncha zake inavuta ekseli karibu milimita 5 gari likiinuliwa 50. Kiasi hicho unaweza kuishi nacho. Ukiinua 100, inafika 12, na hapo tafuta rodi inayorekebishika.

Hatari isiyoonekana iko kwenye breki. Magari mengi ya mizigo yana vali inayounganishwa na ekseli ya nyuma kwa mkono mdogo. Mkia ukishuka, vali inajua kuna mzigo na kuongeza nguvu ya breki za nyuma. Ukiinua bodi, mkono unashuka, vali inadhani gari ni tupu wakati wote, na breki za nyuma zinadhoofika huku umepakia. Rekebisha mkono huo au hamisha kishikio chake kwa kiasi ulichoinua. Halafu ning'iniza magurudumu, zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili, na uangalie kama paipu za breki na nyaya za ABS zina ulegevu.

Mbele panapojitegemea, milimita 50 kwenye gurudumu ni mpaka wa busara kwa sivijointi. Alainimenti ni lazima baada ya kila badiliko la kimo, na taa zirekebishwe baada ya hapo.

Wakati wa kufunga, badilisha springi kwa jozi. Bolti za bushi za raba zishikwe kwa mkono tu gari likiwa juu ya stendi, kisha zikazwe gari likisimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza magurudumu yakining'inia, raba inabaki imejisokota wakati wote, inashikilia gari juu kwa uongo na kuchanika mapema.

Springi mpya hushuka kidogo, milimita 5 hadi 15, katika kilomita mia chache za mwanzo. Kwa hiyo spesa za kusawazisha usiziagize pamoja na springi. Endesha kwanza, kaza tena yubolti na bolti zote, pakia mzigo wako wa kawaida, rudi na futi kwenye kona zilezile nne, na ndipo uagize unene unaohitajika. Alainimenti ya mwisho ifanyike baada ya spesa hizo kufungwa.